Stesheni ya Njia Panda

Nilishuka Nakuru usiku wa Ijumaa mmoja, saa sita ikikaribia, kutoka treni ya Kisumu. Tulioshuka hatukufika hata ishirini. Mbele yangu alikuwa mama mwenye ndoo mbili za plastiki zilizofungwa leso juu, na begani mtoto aliyelala fofofo. Aliteremsha ndoo ya kwanza, akateremsha ya pili, akamkabidhi mtoto kwa kijana asiyemjua, kisha akajishusha mwenyewe kwa kushikilia chuma cha mlango. Treni ikapiga honi, ikajikokota kuelekea Njoro, na sisi tukabaki na jukwaa refu ajabu, lenye giza mwanzo na giza mwisho. Nje, vijana wa bodaboda walikuwa wameshatuhesabu. Pikipiki zilizidi abiria.

Tangu usiku ule jukwaa hilo limekuwa likinisumbua akili. Aliyelijenga hakuwa akiwaza watu ishirini wa usiku wa manane. Kila nilipochimba historia yake nilijikuta narudia swali lile lile, ambalo lingefaa kuulizwa kila mara stesheni hii inapopakwa rangi upya: safari hii inatengenezewa nani?

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, na mwaka uliofuata ikawa hapa, chini ya mlima Menengai. Kilichowatoa wahandisi jasho ni kuteremka Bonde la Ufa. Hawakusubiri njia ya kudumu ikamilike. Walifunga mitambo ya nyaya kwenye ukingo wa bonde, wakawa wanateremsha mabehewa na shehena kwa kamba za chuma kama mtu anavyoteremsha ndoo kisimani, ili waliokuwa chini waendelee kutandika mataruma huku wa juu wakichonga njia yao taratibu. Mitambo hiyo ilitumika mpaka 1901. Kwa hiyo vyuma vya kwanza vya Nakuru viliteremka kwa waya, kazi iliyofanywa zaidi na vibarua kutoka India. Zaidi ya 30,000 kati yao waliletwa kwa ajili ya reli hiyo, na karibu 2,500 walifariki.

Wakati huo Nakuru haikuwa mji, wala haikuwa sehemu ya nchi tunayoiita Kenya leo. Bonde hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya jimbo la mashariki la Uganda, na ile iliyoitwa Reli ya Uganda ilikuwa imeshaingia Uganda kabla ya kulifikia Ziwa Nakuru. Mwaka 1902 mpaka ukahamishwa, jimbo zima likatiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, na sababu kubwa ilikuwa reli yenyewe: Waingereza walitaka iwe chini ya serikali moja kutoka baharini hadi Kisumu. Ni miji michache duniani iliyobadilishiwa nchi kwa ajili ya stesheni.

Wenye ardhi walikuwa Wamaasai, na hata jina la Nakuru wengi hulitoa katika lugha yao, wakilihusisha na vumbi. Agosti 1904 Olonana na viongozi wenzake wakatiwa katika mkataba wa kuondoka Bonde la Ufa, baadhi wahamie Laikipia kaskazini na wengine kusini, na ardhi iliyo karibu na reli ibaki wazi. Serikali ilikuwa na deni la reli, na reli isiyo na mzigo hailipi deni. Walowezi wakaitwa walime ili mabehewa yapate cha kubeba. Mwaka mmoja kabla ya mkataba, Lord Delamere alikuwa amekwisha kupewa ekari 100,000 pale Njoro, kituo kinachofuata baada ya Nakuru, na huko akapoteza fedha nyingi akijaribu kondoo, ng'ombe na ngano. Mwaka 1908 ikaanzishwa kampuni ya Unga ya kusaga ngano hiyo. Nakuru yenyewe ilikuwa imetangazwa kuwa mji mdogo mwaka ule ule wa mkataba, 1904. Mpangilio wake wa kwanza ulianzia relini kwenda nje: stesheni, godauni, maduka ya Wahindi, afisi ya mkuu wa wilaya, na mbali kidogo, juu penye hewa, nyumba za Wazungu.

Basi stesheni ya mwanzo ilijengewa gunia. Msafiri alikuwepo, lakini alipanda palipobaki nafasi.

Miaka ya 1920 ndiyo iliyoipa Nakuru jukwaa lake refu. Mwaka 1921 ilianza kujengwa njia mpya ya kwenda uwanda wa Uasin Gishu, na reli iliyokuwa moja ikagawanyika hapa. Ile ya zamani iliendelea kupitia Njoro, Elburgon na Molo, ikapanda Mau Summit na kuteremka hadi Kisumu, ilikokuwa imefika tangu Desemba 1901. Mpya ikaenda Rongai, ikapanda Timboroa hadi zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikafika Eldoret 1924 na Kampala 1931. Kulikuwa na tawi jingine kutoka Rongai kwenda Solai, na huku nyuma, Gilgil, tawi la kupanda Thomson's Falls, yaani Nyahururu, lililomalizika 1929. Kisumu iliyokuwa mwisho wa safari ikawa tawi, Kampala ikawa njia kuu, na Nakuru ikawa njia panda.

Njia panda ina kazi zake. Mabehewa yanakatwa na kuunganishwa upya, vichwa vinabadilishwa, makaa na maji yanajazwa, dereva na gadi wanapokea zamu. Karakana ya vichwa vya treni ikahitaji mafundi, mafundi wakahitaji pa kulala, na zikaota landi za reli, zile nyumba za safu kwa safu ambazo mpaka leo mtu wa Nakuru akikwambia alizaliwa landi, unajua baba yake alivaa sare ya aina gani. Abiria wa kubadilisha treni naye alikaa saa nyingi. Ndipo panapoanza biashara ya dirishani, ambayo kila aliyewahi kupanda treni upande huu anaijua: mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, chai ya birika, karoti zikiwa bado na majani yake. Mnunuzi hushusha kidirisha, hutoa sarafu kwanza au hupokea kitu kwanza, kutegemea nani hamwamini mwenzake, na treni ikianza kusogea mchuuzi hukimbia sambamba nayo akidai chenji au akiirudisha.

Na kulikuwa na tikiti. Ilikuwa kadi ngumu isiyozidi urefu wa kidole, yenye namba, jina la unakotoka na unakokwenda, na karani aliisukuma ndani ya mashine ndogo ya chuma ikaumwa tarehe kwa mlio wa kakara. Kadi hizo zilidumu Kenya mpaka karne hii, wakati mashirika mengi ya reli duniani yalikuwa yameshazisahau. Nafikiri zilipendwa kwa sababu zilikuwa nzito kidogo mkononi. Mtu alijua ameshika safari.

Kwenye kadi palikuwa na daraja, na daraja lilikuwa rangi ya mtu hata pale sheria ilipokuwa haisemi hivyo waziwazi. La kwanza lilikuwa la Mzungu, la pili la Mhindi mwenye uwezo, na la tatu la kila mwingine, kwenye mabenchi ya mbao. Daraja la tatu ndilo lililojaa: vibarua wa mashamba ya Njoro na Subukia, wapishi, askari waliotoka likizo, kina mama waliokwenda kuwaona waume. Tangu baada ya vita vya kwanza vya dunia mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni, na aliyeonekana stesheni bila sababu ya kutosha alikuwa na maelezo ya kutoa.

Upande wa mizigo mambo yalikuwa matamu zaidi. Mwaka 1922 kamati ya Bowring ilipendekeza mahindi yahimizwe yauzwe ng'ambo, na reli ikashusha nauli ya gunia la mahindi hadi bandarini. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha wakulima kilichokuja kujulikana kote kwa herufi tatu, KFA, chenye makao yake Nakuru. Hakuna aliyeunda kamati ya nauli ya daraja la tatu. Gunia lilikuwa na wakili na abiria hakuwa naye, na usipolitia hilo akilini hutaelewa kwa nini stesheni nzuri kama hii haikuwahi kuwa na treni ya watu wa asubuhi na jioni.

Mwishoni mwa 1952 na mwaka wote wa 1953 jukwaa lilipata abiria wa namna nyingine. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na Wakikuyu walioishi kwenye mashamba ya walowezi, wengi wao wakiwa wamezaliwa huku Bonde la Ufa, walikusanywa kambi za muda Nakuru, Gilgil na Thomson's Falls, kisha wakapelekwa Ukikuyuni kwa malori na kwa treni. Waliruhusiwa kubeba kidogo. Kuku na mbuzi waliuzwa kwa bei ya kutupa au waliachwa. Katika familia nyingi za Nakuru, ukitaja treni mbele ya mzee, hilo ndilo behewa linalomjia akilini kwanza, na mazungumzo huishia hapo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Evelyn Baring akiwa gavana, ndipo Nakuru ilipopata stesheni yake mpya, jengo hili tunalolijua. Lililotangulia lilikuwa la kizamani, na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na za Tanganyika, lilikuwa na fedha na haraka. Baada ya vita vya pili vya dunia mizigo ilifurika. Vichwa vikubwa vya Garratt, vyenye seti mbili za magurudumu na mwili uliokunjika kwenye kona kama jongoo, vilikuwa vikivuta treni ndefu kuliko za zamani. Jukwaa likarefushwa zaidi kulingana na treni, na ukumbi ukapanuliwa kulingana na jukwaa. Likajengwa kwa zege na kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule, na naona hata leo lina hadhi ambayo vituo vipya vya mabati na vioo havina. Ukisimama ndani mchana, jua la saa tisa likiingia kwa mshazari, unaona aliyelichora aliamini kwamba treni itaishi milele.

Haikupita hata miaka kumi, uhuru ukaja. Milango ya stesheni iliyogawa watu kwa rangi ikawa milango tu. Kampuni za kununua ardhi zikaleta maelfu ya familia kwenye mashamba ya zamani ya walowezi, na treni zikabeba masanduku, majembe na watoto wa watu waliokuwa wakirudi mahali baba zao walipofukuzwa. Huo pengine ndio muda mfupi ambao abiria wa kawaida aliimiliki stesheni hii kwa kweli.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli likagawanywa kama mali ya ndoa iliyokufa. Uganda ikabaki na mabehewa yake, Kenya na yake, na njia kuu ya Kampala ikakutana na mpaka uliokuwa umeanza kuwa mpaka kweli. Shirika la Reli la Kenya likaanza kazi peke yake, na barabarani tayari matatu ilikuwa ikimwita abiria kwa jina. Treni ilikungoja uifuate stesheni kwa saa yake, ilhali matatu ilikufuata mlangoni na kuondoka ikijaa. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 kwa barabara, mwendo wa saa tatu siku njema. Treni iliyopinda na kupumzika Naivasha, Gilgil na Elmenteita haikuweza kushindana. Ikapungua safari, kisha ikachelewa, kisha watu wakaacha kuuliza ratiba. Mwaka 2006 reli ikakodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, iliyoahidi mengi na kupewa miaka 25. Mkataba ukavunjwa 2017. Abiria wa masafa marefu alikuwa ameshasahauliwa, na tawi la Solai limebaki jina katika ramani za zamani.

Halafu ikaja reli mpya, ile pana. Ilifika Nairobi Mei 2017, na Oktoba 2019 ikateremka bondeni kupitia handaki la Ngong la kilomita 4.5 na kufika Mai Mahiu na Suswa, ambako iliishia katikati ya nyika. (Njiani ina stesheni inayoitwa Ongata Rongai, na mgeni wa Nakuru mwenye kutafuta Rongai yetu asije akashuka hapo.) Mpango wa kuiendeleza hadi Kisumu ulichorwa kupitia Narok, Bomet na Nyamira. Nakuru haimo. Mji uliozaliwa na reli umepitiwa pembeni na reli, na sijaona maandamano. Labda ni kwa sababu walioathirika walishahamia kwenye matatu zamani.

Ila mzigo haukuweza kubaki Suswa, na hapo reli kuukuu ikakumbukwa. Kiungo cha kilomita 24 hivi kilijengwa kuiunganisha reli pana na ile nyembamba pale Longonot, na njia ya zamani ikaanza kufufuliwa. Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilitengewa shilingi bilioni 3.8, na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa wakaonekana Molo na Londiani wakifyeka, wakibadilisha mataruma na kumwaga kokoto. Stesheni za njiani zilizokuwa zimegeuka zizi la mbuzi zikapata paa na rangi. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikatunukiwa hadhi ya jiji, na mwezi huo huo treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ikarudi. Nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 600. Watu walijaa, wengine wakiwa hawana safari yoyote ila kutaka watoto wao waone. Katika vituo vidogo watu walisimama kando ya njia wakipunga mikono kama wanaosindikiza harusi.

Ratiba ndiyo iliyosema kweli. Kutoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, kufika Kisumu asubuhi, kurudi Jumapili. Ilikuwa treni nzuri kwa mtu wa Kisumu aliyekwenda nyumbani mwisho wa juma. Kwa mtu wa Nakuru, jiji la watu 570,674 katika sensa ya 2019, ilikuwa treni iliyopita akiwa usingizini. Wakati huo Nairobi ilikuwa ikiongezewa treni za mitaani, pamoja na magari ya dizeli yaliyonunuliwa Uhispania yakiwa yameshatumika, na mfanyakazi wa Ruiru au Limuru aliweza kwenda kazini kwa reli na kurudi jioni. Huku kwetu stesheni ilitengenezwa, lakini ya kwenda kazini haikuletwa.

Na reli kongwe hukumbusha umri wake kwa ukali. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji ya mvua yaliyokuwa yamezuiwa nyuma ya tuta la reli hii, juu ya Mai Mahiu upande wa Kijabe, yalivunja tuta na kuteremka na mawe na miti hadi vijijini. Watu zaidi ya 40 wakafa. Mwanzoni ilisemwa ni bwawa lililopasuka. Wizara ya Maji ikaeleza kwamba ni handaki la maji chini ya reli lililokuwa limezibwa na takataka za mafuriko. Wazee walichonga njia kwenye ukingo ule wakaacha tundu la maji kupita, na tundu linahitaji mtu wa kulizibua kila msimu. Hayo nayo ni matengenezo, ingawa hakuna waziri anayekata utepe kwenye kalvati.

Mwishoni mwa 2025 ikazinduliwa kazi ya kupanua barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit, itakayolipiwa kwa ada. Nilipitia Nakuru siku chache baadaye na kila matatu niliyopanda ilikuwa na mjadala wa ada hiyo. Hakuna aliyetaja reli inayopita sambamba, hatua chache kutoka dirishani.

Hata hivyo, chora ramani ya wanaohangaika kila asubuhi katika jiji hili. Mashariki kuna Lanet na Mbaruk, watu wamejenga hadi karibu na Elmenteita. Magharibi kuna Njoro, mwendo wa kilomita 20 hivi, penye Chuo Kikuu cha Egerton kilichoanza 1939 kama shule ya kilimo, na wanafunzi wake husongamana kwenye matatu kama viazi vya Molo guniani. Kote huko reli imekwisha kutandikwa, na majina hayo yote yaliwahi kuwa na kituo. Stesheni ya Nakuru iko katikati kabisa, na jukwaa lake lina urefu wa kutosha treni tatu za namna hiyo. Mzee wa reli niliyewahi kuzungumza naye aliniambia kwa kidole, akiihesabu mitaa mmoja mmoja, na alipofika Njoro akawa amemaliza vidole vya mkono mmoja.

Asubuhi iliyofuata safari yangu ile nilirudi stesheni kutafuta kofia niliyoisahau kwenye benchi. Saa moja kasorobo. Madirisha ya tikiti yalikuwa yamefungwa. Lakini relini palikuwa na watu, mamia, wakiingia mjini kutoka mitaa ya magharibi kwa miguu. Fundi mwashi alikuwa na ndoo ya vifaa, wasichana wawili wa sare walikuwa wakishindana kukanyaga taruma moja kuruka moja, na baba mmoja alisukuma baiskeli yenye tairi lililopasuka, gurudumu likigonga kokoto. Walishika njia ile ile ya treni, kwa mstari ulionyooka, bila kulipa nauli. Mtu mmoja akaniona nimesimama jukwaani naangalia huku na huko, akanipungia mkono, akaniuliza kama nangoja gari la Kisumu, maana lilishapita.

Kofia sikuipata.